Mwenye Kubeba Wengine Naye Abebwe



Wapendwa wasikilizaji, tunawasalimu ninyi nyote mlio majumbani, ninyi mlio wagonjwa hospitalini, na ninyi mlio kazini asubuhi hii ya Jumapili kwa sababu zamu haijui siku ya Bwana. Leo twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya watu ambao tukipata shida twawaita kwa sauti kuu, na shida ikiisha hatuwakumbuki tena. Ni askari polisi, wazimamoto na waokoaji, askari wa kikosi cha KMKM walindao bahari ya Zanzibar, wauguzi wa zamu ya usiku, na watu wa Msalaba Mwekundu. Ni wavuvi pia, wasio na sare wala mshahara wa kazi hiyo, lakini ambao mara nyingi ndio wafikao kwanza. Watu hao huwabeba wengine. Swali letu la leo ni hili: wao hubebwa na nani?

Tufungue kwanza Maandiko Matakatifu. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, twamkuta nabii Eliya jangwani. Mtu huyu alikuwa shujaa. Alisimama peke yake mlimani Karmeli mbele ya mamia ya manabii wa Baali, wala hakutetemeka. Lakini kazi ile kubwa ilipokwisha, alipopata habari kwamba Malkia Yezebeli anamtafuta amwue, nguvu zote zilimwishia. Alikimbia. Akamwacha mtumishi wake njiani, akaenda peke yake mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mti mmoja wa jangwani, akamwomba Mungu amwondolee uhai wake. Kisha akalala.

Wapendwa, tutazame jinsi Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Hakumwambia kwamba nabii hapaswi kuchoka. Hakumpa amri mpya wala kumdai hesabu ya kazi. Alimtuma malaika, naye malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Baada ya chakula na usingizi na mwendo wa siku arobaini, ndipo Mungu alipomwuliza mlimani Horebu anafanya nini pale. Eliya akatoa yote yaliyokuwa moyoni mwake, naye Mungu akamsikiliza, akamwuliza tena, akamsikiliza tena. Mwishowe akampa mwenzake wa kazi, Elisha, asiwe peke yake.

Hii ndiyo njia ya Mungu ya kumtunza mtumishi aliyechoka: kumgusa, kumlisha, kumpumzisha, kumsikiliza, na kumpa mwenzake. Tuishike njia hiyo mioyoni, maana tutairudia.

Sasa tutoke jangwani, twende Pemba. Pemba ni kisiwa cha wasafiri. Mwenye mgonjwa wa kumpeleka Unguja, mfanyabiashara, mwanafunzi, mtumishi wa serikali, wengi wao hupita bandari ya Mkoani au ya Wete, na bahari iliyo kati ya visiwa hivi viwili ina kina kirefu na mkondo wenye nguvu. Usiku wa Ijumaa, tarehe 9 Septemba 2011, siku chache baada ya sikukuu ya Idi, meli ya MV Spice Islander iliondoka Unguja kwenda Wete. Ilikuwa meli isiyoruhusiwa kuchukua watu wanaozidi 700. Tume ya uchunguzi ilieleza baadaye kwamba waliokuwamo walizidi 2,000, mbali na shehena ya mizigo. Yapata saa saba za usiku, kuamkia Jumamosi, meli hiyo ilizama katika mkondo wa Nungwi.

Kulipopambazuka, wavuvi wa Nungwi na watu wenye mashua za kuchukulia watalii walikuwa baharini. Polisi, KMKM, wauguzi na watu wa kujitolea walikuwa baharini, ufukweni na hospitalini. Walionusurika walikutwa wameng'ang'ania magodoro, majokofu na chochote kilichoelea. Wengi waliokolewa, nasi twamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao. Lakini waokoaji wale waliokwenda kutafuta walio hai, waliokota pia maiti za wanawake, wazee na watoto wadogo. Maiti zilizopatikana zilizidi 200. Zilipelekwa katika viwanja vya Maisara mjini Unguja, na ndugu wakapita wakifunua nyuso, wakitafuta walio wao. Wengine wengi, zaidi ya 1,300 kwa hesabu ya tume hiyo, hawakuonekana tena. Wapiga mbizi waliokuja kutoka Afrika ya Kusini walishindwa kuifikia meli kwa ajili ya kina na ukali wa mkondo. Taifa lilikaa katika maombolezo kwa siku tatu, na kule Pemba misiba ilitandikwa katika kijiji baada ya kijiji.

Miezi kumi tu baadaye, tarehe 18 Julai 2012, meli nyingine, MV Skagit, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Vikosi vile vile viliitwa tena kwenda baharini.

Ndugu wapendwa, tumfikirie askari mmoja tu kati ya wale wa mwaka 2011. Mikono yake imepokea mtoto aliyekufa maji. Jioni amerudi nyumbani, na mkewe amemwandalia chakula, na mtoto wake mwenyewe anamkimbilia mlangoni. Atasema nini? Akikaa kimya, wataona amekuwa mkali. Akisimulia, anaogopa kuwatia hofu. Akimwambia mkubwa wake kwamba usiku hapati usingizi, anaogopa kuitwa mwoga. Basi ananyamaza. Asubuhi anavaa sare, anafunga mkanda, anakwenda kazini, nasi tunasema: askari yule ni mtu imara.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua. Jeraha la moyo nalo ni maradhi. Wenye elimu ya tiba ya nafsi wametufundisha dalili zake. Mtu aliyeona mambo mazito huweza kukosa usingizi, au kuota mambo yale yale kila usiku. Hushtuka akisikia kishindo kidogo. Huepuka njia au mahali panapomkumbusha. Hukasirika upesi, hupiga watoto pasipo sababu, hukimbilia ulevi ili apate kulala. Wengine husikia ganzi, hawalii wala hawacheki. Mara nyingi hali hiyo hupungua yenyewe katika majuma machache, mtu akipata mapumziko na watu wa kuwa naye. Lakini ikipita kadiri ya mwezi mmoja na dalili hizo zingali nzito, huyo anahitaji msaada wa mganga hospitalini, kama vile mwenye homa isiyoshuka. Na mtu akifikia hatua ya kutamani kufa, kama Eliya alivyotamani, asiachwe peke yake hata saa moja. Silaha iwekwe mbali naye, na apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo. Kutamani kufa kwa mtu aliyezidiwa si aibu ya ukoo wala si dalili kwamba hana imani. Eliya alikuwa nabii wa Mungu.

Lakini, wapendwa, liko jeraha la namna nyingine, nalo hatuwezi kuzungumza juu ya Pemba tukaliruka. Ni jeraha lipatikanalo kwa kutii amri. Tarehe 27 Januari 2001, katika maandamano yaliyofuata uchaguzi mkuu wa mwaka 2000, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji huko Micheweni, Wete na Chake Chake. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha katika siku zile, Pemba na Unguja, akiwamo pia askari polisi. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda kutafuta hifadhi Shimoni, nchini Kenya. Hatutaji habari hii ili kufukua chuki. Vyama vya CCM na CUF vilitia saini muafaka tarehe 10 Oktoba 2001, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikafungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Twaitaja kwa sababu waliouawa walikuwa watu, na machozi ya mama zao yana haki mbele ya Mungu, haki isiyopungua hata kidogo kwa sisi kumkumbuka askari. Tena twaitaja kwa sababu kila amri hutolewa na mkubwa, lakini hutekelezwa na kijana mwenye bunduki, mtoto wa watu, mwenye dhamiri. Mkubwa huweza kuhamishwa na kustaafu. Kijana yule atabaki na alichokitenda na alichokiona.

Ndiyo maana afya ya askari haianzi hospitalini. Yaanza katika uongozi. Kiongozi anayeamuru kwa haki, anayejizuia kutumia nguvu isiyo ya lazima, anayewatazama wananchi kuwa ni watu wake, huyo amewalinda wananchi, na papo hapo amezilinda roho za askari wake. Kiongozi asiyejali huwajeruhi wote wawili kwa neno moja.

Injili yatupatia mfano wa kiongozi wa namna hiyo, naye ni mwanajeshi. Kule Kapernaumu palikuwa na akida, mkuu wa askari mia moja wa dola ya Kirumi. Alijua maana ya amri: alimwambia huyu nenda, naye akaenda. Alikuwa mgeni katika nchi ile, wa taifa jingine na dini nyingine. Hata hivyo, kwa habari ya Mtakatifu Luka, wazee wa mji wenyewe walimsemea mema, kwa sababu aliwapenda watu wao. Naye akida huyu alimwendea Yesu kwa ajili ya nini? Hakuomba cheo. Aliomba kwa ajili ya mtumishi wake aliyekuwa mgonjwa. Alijua kwamba mtu wa chini yake anaumwa, alijua anaumwaje, na hakuona haya kumtafutia msaada. Bwana wetu aliistaajabia imani yake.

Hali ya akida yule twaijua hapa kwetu. Wengi wa waumini wa makanisa machache ya Pemba ni watumishi waliotoka bara, na miongoni mwao wapo askari pamoja na familia zao. Wanaishi mbali na wazazi, mbali na wajomba na mashangazi ambao desturi ingewapa kuwa wasikilizaji wao. Wamezungukwa na majirani Waislamu ambao kwa karne nyingi wamejua kukaa na mgeni. Askari awapende watu wa kisiwa, naye atapata wazee wa kumsemea mema. Mwaka 2011, miaka kumi baada ya ile Januari, sare zile zile zilizokuwa zimeogopwa zilionekana zikipokea majeruhi na maiti za watu wa Pemba. Msiba mmoja hauwezi kufuta mwingine. Lakini katika msiba ule ilionekana jinsi askari na raia walivyo watu wa bahari moja na machozi mamoja.

Basi, wenye madaraka mnaotusikiliza, wakuu wa vituo, wasimamizi wa zamu, makamanda, twawaomba mambo matatu.

Kwanza, mjue watu wenu. Yethro, mkwewe Musa, alipomwona Musa akihukumu watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, alimwonya kwamba atadhoofika, yeye na watu pia. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, na wa kumi. Tuangalie huyo mkuu wa kumi. Ndiye anayeweza kujua ni nani hajala, nani amebadilika tabia, nani ananuka pombe asubuhi. Kamanda wa mkoa hawezi kuwajua wote, lakini sajini wa zamu anaweza kuwajua kumi wake, kama amefundishwa kwamba hiyo nayo ni kazi yake.

Pili, toeni mapumziko. Mitume waliporudi kutoka katika utume wao, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo kwa wingi wa watu, na Yesu aliwaita kando wapumzike kidogo. Aliyeokota maiti usiku kucha asipangiwe lindo asubuhi. Abadilishwe, ale chakula cha moto, aruhusiwe kwenda nyumbani.

Tatu, anzeni ninyi. Mkubwa akisema mbele ya vijana wake kwamba kazi ya jana ilimwumiza na yeye, amewafungulia vinywa wote. Mkubwa akimcheka mmoja aliyelia, amewafunga vinywa wote kwa miaka mingi. Na yule anayeomba msaada wa mganga asiadhibiwe kwa kuomba.

Nasi waumini na makatekista tufanyeje? Mwaka ule ule wa 2011 Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza kwa nafsi ya mtu aliyepatwa na janga. Hekima yake yaweza kuwekwa katika maneno matatu: kutazama, kusikiliza, na kuunganisha. Kutazama ni kujua nani ana hatari na nani anahitaji nini. Kusikiliza ni kukaa karibu na mtu pasipo kumlazimisha asimulie. Kuunganisha ni kumfikisha kwa ndugu zake, kwa chakula, kwa mganga. Mwongozo huo una sehemu yake maalumu juu ya kuwatunza watoa huduma wenyewe. Hakuna neno hapo lisilofaa kufanywa na katekista wa kigango au na jumuiya ndogo ndogo.

Basi, katekista, ukijua kwamba askari wa jumuiya yako alikuwa katika ajali, mtembelee kabla ya Jumapili. Usiende na mahubiri. Nenda na salamu, na kama nyumba inahitaji, nenda na unga na sukari. Usimwulize aliona nini. Mwulize amelala namna gani, na amekula nini. Akisema, sikiliza mpaka mwisho, na alilokuambia lizikwe kifuani mwako. Akinyamaza, kaa naye katika kimya chake, kisha urudi siku nyingine, kama malaika alivyorudi mara ya pili. Akina mama, mwangalieni mke wa askari. Yeye hubeba kishindo cha kazi ambayo hakuiapia. Msimwache kotani peke yake na mume asiyelala.

Tusiwasahau wavuvi. Hao hawana kamanda wa kuwauliza habari. Asubuhi ile walivuta watu kutoka majini, na kesho yake walirudi kuvua katika bahari ile ile, kwa kuwa watoto walihitaji kula. Sheha wa shehia, imamu wa msikiti, mwalimu wa skuli, na sisi Wakristo tulio majirani, twaweza kuwa wakuu wa kumi kwa watu hao. Huruma haiulizi dini. Msamaria hakumwuliza majeruhi wa njia ya Yeriko anasali wapi.

Nanyi mlio kazini, askari na waokoaji, twawaambia neno moja la mwisho. Mwili wenu na roho yenu si vyombo vya serikali tu. Ni hekalu la Mungu. Kuleni, laleni, msiifanye pombe kuwa mganga wenu, na kila mmoja awe na Elisha wake, mtu mmoja wa kumwambia kweli. Kazi mliyoitiwa ni njema, na safari yake ni ndefu. Hakuna aifikiaye Horebu kwa nguvu za jana.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa rehema, uwapokee waliopotea baharini na wote waliouawa katika visiwa vyetu. Uwafariji wale ambao mpaka leo hawana kaburi la kuzuru. Uwajalie viongozi wetu moyo wa yule akida, wawajue watu wao na kuwaonea huruma. Uwaguse walinzi na waokoaji waliochoka, uwape chakula, usingizi na mwenzi wa safari. Nasi utufanye kuwa mikono ya malaika wako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.